Kutoka Miwani hadi Lenzi: Historia ya Jina na Wajibu wa Mfasiri

Utangulizi

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa za aina hii ni za vitu ambavyo mtu huvitazama kwa mbali, huvishika mkononi au huviandika katika majalada ya ofisi. Istilahi ikikosewa hapo, hasara yake aghalabu ni ya ufahamu: msomaji hushangaa, huuliza, kisha mambo huendelea. Safari hii tunakusudia kuzungumzia kitu ambacho mtu hukitia jichoni mwake kwa kidole chake mwenyewe. Hapo neno likikosewa, hasara huwa ya jicho.

Kitu hicho ni kile kipande chembamba cha plastiki, angavu, chenye umbo la kibakuli kidogo, ambacho huwekwa juu ya jicho mahali pa miwani. Majina yanayotumika au yanayoweza kupendekezwa ni mengi: lenzi tu, lenzi ya jicho, lenzi mguso, lenzi ya mboni, hata miwani ya ndani. Swali letu si jina lipi linapendeza zaidi masikioni. Swali ni jina lipi, na maelekezo yepi yanayofuatana nalo, yatakayomfaa mtu ambaye kwa miaka mingi amevaa miwani na sasa, kwa mara ya kwanza, anataka kuiacha.

Mtu huyo tumemweka Pemba kwa makusudi. Kisiwa hicho, ambacho sensa ya mwaka 2022 ilikikuta na wakazi zaidi ya 540,000, ni mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya mama. Istilahi ikifika Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni haipokelewi na msomaji anayeitafsiri moyoni kwa lugha nyingine. Huipokea kwa Kiswahili chake cha nyumbani, na kila neno humjia pamoja na maana ambazo limekwisha kuwa nazo baharini, shambani, jikoni na msikitini. Istilahi iliyotungwa ofisini ikivuka mtihani huo, yamkini itavuka na mingine.

Miwani, darubini na mwani

Neno miwani si geni katika lugha yetu. Limo katika kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, kazi iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Limo pia katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981. Kwa sura yake linafanana na maneno ya wingi yanayoanza kwa mi-, kama vile miti na mikoba, lakini halifuati njia yao. Twasema "miwani yangu imevunjika" na "miwani zote zimeuzwa". Umoja wake si mwani. Hilo ni jambo la heri, kwani mwani ni mmea wa baharini ambao umekuwa zao kubwa la biashara la wanawake wa Pemba tangu miaka ya 1990, na mkulima wa mwani anayevaa miwani asingependa vitu hivyo viwili vichanganywe.

Neno jingine la jamaa hiyo ni darubini, lililotufikia kutoka Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza ni "mbali" na ya pili ni "kuona". Baadaye likaja neno hadubini kwa chombo cha kukuzia vitu vidogo. Maneno yote matatu yanataja vyombo vilivyo nje ya mwili. Darubini hushikwa mkononi, hadubini husimama mezani, miwani hukaa puani na masikioni.

Tuitazame miwani kwa makini zaidi, maana mazoea yake ndiyo msingi wa hoja yetu. Miwani hutolewa mtu anapolala, anapooga na anapotawadha. Ikianguka mchangani hufutwa kwa ncha ya kanga na kurudishwa usoni. Ikilowa mvua hukaushwa. Mzee akimwazima jirani yake miwani ya kusomea barua, wote wawili hubaki salama. Hata mafumbo yetu yamejengwa juu ya chombo hicho cha nje: mtu anayejifanya haoni maovu yaliyo mbele yake husemwa amevaa miwani ya mbao. Mazoea yote hayo yamo ndani ya neno lenyewe, ingawa kamusi hazina nafasi ya kuyaandika. Mtu akiambiwa kwamba kitu fulani ni "aina ya miwani", atakitendea kama anavyotendea miwani.

Mfasiri wa mwaka 1888

Miwani ilianza kutengenezwa kaskazini ya Italia mwishoni mwa karne ya 13. Ilichukua miaka mia sita hivi kabla ya kioo cha kusahihisha uoni kuondoka puani na kukaa juu ya jicho lenyewe. Mwaka 1888 Adolf Eugen Fick, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zürich nchini Uswisi, alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu vibakuli vya kioo alivyoviweka kwanza katika macho ya sungura, halafu katika macho yake mwenyewe, na hatimaye katika macho ya wagonjwa. Chini ya kioo alitia maji yenye sukari ya zabibu, na kioo hicho kiliweza kuvumiliwa kwa muda wa saa mbili hivi.

Fick alikiitaje chombo chake? Alikiita "Contactbrille". Sehemu ya pili ya neno hilo, "Brille", ni neno la kawaida la Kijerumani kwa miwani. Kwa hiyo jina la kwanza la kitaalamu la kitu hiki lilikuwa "miwani ya mguso". Mvumbuzi aliona miwani iliyosogezwa nyuma hadi ikagusa jicho, na ndivyo alivyoiita.

Katika mwaka uleule makala hayo yalitafsiriwa kwa Kiingereza na Charles H. May, daktari wa macho wa New York. Mfasiri huyo hakufuata neno kwa neno. Pale palipokuwa na miwani yeye aliandika lenzi, na makala yakatoka kwa jina la "lenzi ya mguso". Jina lililoenea duniani kote na ambalo leo tunaombwa kulifasiri kwa Kiswahili ni hilo la mfasiri, wala si lile la mvumbuzi. Ndugu zetu wafasiri, ambao mara nyingi huambiwa kwamba kazi yao ni kubeba tu mzigo wa watu wengine, wanayo sababu ya kulikumbuka tukio hilo. Kwa neno moja chombo kilitolewa katika jamaa ya miwani, pamoja na mazoea yake ya kufutwa kwa nguo na kuazimwa, kikaingizwa katika jamaa nyingine.

Mwaka uliofuata, 1889, August Müller aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Kiel, Ujerumani. Huyu ndiye hasa babu wa yule mtu wetu wa Pemba, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoona mbali kwa kiasi kikubwa, wa dayopta 14 hivi, na alitaka kujitengenezea kitu cha kumwondolea miwani. Jaribio lake halikuwa jepesi. Alilitia jicho ganzi kwa kokeini, akakivaa kioo akiwa ameuzamisha uso majini ili hewa isinaswe ndani, na maumivu yalimruhusu kukivumilia kiasi cha nusu saa tu. Lakini katika jina la tasnifu yake alifanya jambo lenye faida kwetu: alitenganisha vioo vya miwani na "lenzi za konea". Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho. Müller hakukiita kitu hicho kwa namna kinavyokaa, alikiita kwa mahali kinapokaa.

Hivyo katika muda wa miaka miwili zilikwisha kupatikana njia tatu za kutaja kitu kimoja: kukitaja kwa kile kinachoondolewa, yaani miwani, kukitaja kwa namna kinavyokutana na jicho, yaani mguso, na kukitaja kwa mahali, yaani konea. Mapendekezo mengi tunayoyasikia leo katika Kiswahili yanapita katika mojawapo ya njia hizo.

Kitu chenyewe kiliendelea kubadilika. Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa California alileta lenzi ya plastiki ngumu iliyofunika konea peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1961 Otto Wichterle, mwanakemia wa Prague, alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Mwaka 1971 lenzi laini ziliidhinishwa kuuzwa nchini Marekani. Mwaka 1999 zikatoka lenzi za plastiki yenye silikoni, zinazopitisha hewa kwa wingi zaidi. Sababu ya kuitafuta hewa ni kwamba konea haina mishipa ya damu. Huipata oksijeni yake kwa kiasi kikubwa kutoka hewani, kwa kupitia machozi, na chochote kinachoifunika huipunguzia pumzi.

Adesi na lenzi

Kabla ya kuyapima mapendekezo, yafaa tuulize neno lenzi limetoka wapi. Katika Kilatini neno hilo ni jina la punje za jamii ya dengu, zile tunazoziita adesi. Wataalamu wa kale wa Ulaya walikiona kioo chenye tumbo pande zote mbili wakakifananisha na punje hiyo. Wajerumani na Wacheki wamefanya vivyo hivyo: katika lugha zao neno la adesi ndilo neno la lenzi, na Wichterle alipozungumza na mkewe juu ya kazi yake, kwa lugha yake alikuwa akitaja adesi. Waarabu nao hutumia "adasa" kwa maana hiyohiyo, na neno letu adesi ni la asili hiyo ya Kiarabu.

Lau watungaji wa istilahi zetu wangepita njia hiyo, leo wanafunzi wa Kiswahili wangesoma habari za "adesi ya hadubini". Hawakupita huko. Walichukua umbo la neno kutoka Kiingereza wakaliandika lenzi, nalo limekwisha kukubalika katika vitabu vya shule na kuingia katika ngeli ya i-/zi- pamoja na miwani. Hatuna sababu ya kulipinga. Huko Pemba adesi hupikwa mchuzi, na hatudhani kwamba mtu angefurahi kuambiwa aitie jichoni. Lenzi ni neno lisilo na deni la maana nyingine, na jina likianza kwa neno hilo limeanza vizuri. Taabu iko katika sehemu ya pili ya jina.

Kuyapima mapendekezo

Tuchukulie mwalimu wa shule ya sekondari mjini Wete ambaye amevaa miwani tangu utotoni. Amepimwa upya, labda Unguja au Dar es Salaam, na amerudi kwa boti na kijiboksi cha lenzi na karatasi ya maelekezo. Tumsomee majina mbalimbali.

Miwani ya ndani. Jina hili linaeleweka mara moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Linamrudishia mwalimu mazoea yote ya miwani tuliyoyataja. Atakapoidondosha ataiosha bombani, kama alivyozoea. Tena kwa Kiswahili "ya ndani" yaweza kuwa ya kutumiwa ndani ya nyumba.

Lenzi mguso. Jina hili ni tafsiri ya jina la mwaka 1888. Tatizo ni kwamba neno mguso limekwisha kupata kazi nyingine kwa kuja kwa simu za kisasa: skrini ya mguso ni ile inayofanya kazi kwa kuguswa na kidole. Msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba lenzi mguso nayo hutaka kuguswaguswa, ilhali kanuni ya kwanza ya chombo hiki ni kutokigusa kabla ya kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Katika kisiwa cha karafuu kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Mkono uliotoka kuchambua karafuu na makonyo yake hubaki na mafuta makali, na mafuta hayo yakipanda juu ya lenzi yatalichoma jicho.

Lenzi ya mboni. Hili lina uzuri wake, kwa kuwa mboni ni neno letu la asili, lenye uhusiano na kitenzi kuona, na limehifadhi sauti ya b ambayo kitenzi chenyewe kimeipoteza. Lakini kitaalamu mboni ni lile tundu jeusi la katikati ambamo nuru hupita. Lenzi haikai katika tundu hilo. Hukaa juu ya konea, na lenzi laini hupita hata ukingo wake. Mwalimu wa biolojia atalazimika kusahihisha darasani kile kilichoandikwa katika karatasi ya hospitali.

Lenzi ya jicho. Jina hili lina mwenyewe. Ni lenzi ya maumbile iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ile inayopata ukungu katika maradhi tunayoyaita mtoto wa jicho. Katika upasuaji wa maradhi hayo daktari huitoa na kuweka nyingine ya kutengenezwa, ambayo hubaki humo. Wazee waliofanyiwa upasuaji huo husema "nimewekewa lenzi". Karatasi ikimwambia mwalimu kwamba amepewa "lenzi ya kuwekwa jichoni", na babu yake naye ana lenzi iliyowekwa jichoni, mwalimu ana sababu gani ya kudhani kwamba ya kwake lazima itoke kila usiku?

Lenzi ya urembo nalo ni jina linalosikika kwa lenzi za rangi zinazovaliwa harusini. Jina hilo huipeleka lenzi katika kundi la wanja na hina, na kuifanya ionekane kitu cha kuazimana. Marekani ilikabiliana na jambo hilo kwa sheria: tangu mwaka 2005 kila lenzi ya kuvaliwa juu ya jicho, hata isiyosahihisha uoni wowote, huhesabiwa huko kuwa kifaa cha tiba. Kwa Kiswahili twaweza kuitaja rangi bila ya kuiondoa lenzi katika jamaa yake, kwa kusema lenzi ya kuvaa yenye rangi.

Maji ya chumvi, namba na mwezi

Jina peke yake halitoshi. Karatasi ya maelekezo inayo maneno mengine matatu ambayo, yakifasiriwa kwa haraka, huweza kumdhuru msomaji kuliko jina lenyewe.

La kwanza ni lile linalofasiriwa "maji ya chumvi". Wataalamu wanakusudia myeyusho safi wa chumvi uliotengenezwa kiwandani kwa kipimo maalumu. Lakini mwambie mtu wa Pemba aisuuze lenzi kwa maji ya chumvi: ama ataelewa bahari, ambayo haiko mbali na mlango wake, ama ataelewa kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji. Njia zote mbili ni za hatari. Katika maji ya kisima, ya bomba na hata katika udongo huishi kidudu kiitwacho akanthamiba, ambacho kikipenya konea husababisha kidonda chenye maumivu makali na kigumu kutibika, na mara nyingine upofu. Mwaka 1985 na 1986 wachunguzi wa Marekani, wakitafuta sababu ya kuongezeka kwa maradhi hayo kwa wavaaji wa lenzi, walikuta uhusiano na maji ya chumvi yaliyotengenezwa nyumbani. Wavaaji hao walikuwa wakisoma maelekezo kwa lugha yao wenyewe, na hata hivyo madhara yaliwafika.

Tunapendekeza myeyusho wa chumvi kwa kile cha kiwandani, pamoja na maelezo kwamba husuuza tu na hauui vijidudu. Kile kinachoua vijidudu, ambamo lenzi hulazwa usiku, kiitwe dawa ya lenzi, wala kisiitwe maji ya lenzi. Neno maji humwalika mtu kuongezea maji mengine yanapopungua, dawa haiongezewi. Lugha yetu imekwisha kuzoea matumizi hayo katika dawa ya meno na dawa ya viatu. Hata hivyo dawa ya lenzi isichanganywe na dawa ya macho, kwani zipo dawa za lenzi ambazo zikidondoshwa jichoni kabla ya kutulizwa nguvu zake huunguza.

La pili ni namba. Watu wetu husema "namba ya miwani", na neno hilo ni zuri. Lakini namba ya miwani si namba ya lenzi. Kioo cha miwani hukaa kiasi cha milimita 12 mbele ya jicho, na lenzi hukaa juu yake. Umbali huo ukiondoka, nguvu inayohitajika nayo hubadilika. Mtu wa kutoona mbali ambaye miwani yake ni ya dayopta 6 atahitaji lenzi ya 5.5 hivi. Mtu kama Müller, wa dayopta 14, angehitaji kiasi cha 12. Tena lenzi ina vipimo viwili visivyokuwamo katika namba ya miwani, navyo ni kipenyo na mbinuko wake wa ndani, ambao sharti ulingane na mbinuko wa konea. Fomu ya hospitali yenye nafasi moja tu iliyoandikwa "namba" haitoshi. Iandikwe namba ya miwani mahali pake na namba ya lenzi mahali pake.

La tatu ni mwezi. Lenzi nyingi huuzwa kwa muda: za siku moja, za wiki mbili, za mwezi. Katika Pemba, ambako watu huuandama mwezi wa Ramadhani kwa macho yao, "lenzi ya mwezi" yaweza kumchekesha msomaji kwa maana ya kutazamia mwezi, na hilo halina madhara. Madhara yako katika maneno "ivaliwe kwa siku 30". Mswahili akisoma hivyo ataelewa kwamba asiivue mpaka siku 30 zitimie. Kwa lenzi nyingi maana inayokusudiwa ni nyingine: ivaliwe mchana, ivuliwe usiku, na itupwe baada ya siku 30 tangu kufunguliwa. Kulala na lenzi huongeza mara kadhaa hatari ya kuambukizwa konea. Sentensi ya maneno manne imeleta upungufu ambao daktari hatauona, kwa sababu yeye haisomi karatasi kwa macho ya mgonjwa.

Pendekezo letu

Baada ya kuyapima hayo, tunapendekeza jina lenzi ya kuvaa kwa kitu hiki, na lenzi ya kupandikiza kwa ile inayowekwa na daktari katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho ibaki kwa ile ya maumbile.

Sababu yetu ni ya lugha yenyewe. Vaa na vua ni jozi ya kale, na Mswahili halitaji moja bila ya kulijua la pili. Kinachovaliwa huvuliwa: kofia, kiatu, pete, na miwani pia. Mtu hahitaji kufundishwa hilo. Kwa hiyo jina hili humkumbusha mvaaji amri iliyo kuu kuliko zote, ya kuivua lenzi kabla ya kulala, kila anapolitamka. Neno kupandikiza lina tabia tofauti. Mche wa mkarafuu hutolewa kitaluni ukapandikizwa shambani ili ukae, na hakuna anayeung'oa jioni. Kwa vitenzi viwili mwalimu wa Wete na babu yake wametenganishwa.

Pendekezo hili halikosi pingamizi. Wapo watakaosema kwamba ni refu kuliko lenzi mguso, na kwamba haliwafuati wenzetu wa lugha nyingine. Kuhusu urefu, twajibu kwamba watu wataufupisha wenyewe katika mazungumzo. Tayari husikika wakisema "amevaa lenzi", na kitenzi chetu kimo humo. Istilahi itakuwa imefuata njia ambayo wasemaji wameshaipita. Kuhusu wenzetu, tumeona kwamba nao hawakufuatana. Fick alisema miwani, May akasema lenzi, Müller akataja konea. Kila mmoja alichagua kile alichoona wasomaji wake wanahitaji kukijua kwanza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili, pamoja na mengine, lugha yetu iwe na uwezo wa kufanya uchaguzi kama huo.

Ili pendekezo lisibaki hewani, tunatoa hapa maelekezo ya mfano ambayo mfasiri au ofisa wa afya anaweza kuyarekebisha:

Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe, ndipo uishike lenzi ya kuvaa. Vua lenzi kabla ya kulala, hata usingizi wa mchana. Lenzi isiguswe na maji yoyote: ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya bahari wala mate. Unapotawadha fumba macho. Huna haja ya kuivua lenzi kwa ajili hiyo, kwa kuwa maji hayahitajiki ndani ya jicho. Kabla ya kuoga, kuogelea, kuvua samaki au kufanya kazi ya mwani majini, vua lenzi na uvae miwani. Ilaze lenzi katika dawa ya lenzi, na kila siku mwaga dawa ya jana utie mpya. Usimwazime mtu lenzi yako. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, vua lenzi mara moja na uende kwa daktari wa macho. Usiitupe lenzi, nenda nayo.

Msomaji ataona kwamba katika maelekezo hayo miwani haikufukuzwa. Mwenye lenzi bado anahitaji miwani iliyo nzima, ya kuvaa usiku, baharini na siku jicho linapoumwa. Kuhama kutoka miwani kwenda lenzi ni kuwa na vyombo viwili, kila kimoja na saa zake.

Hatima

Wahenga walisema macho hayana pazia. Konea ndiyo hasa isiyo na pazia, na mtu anayeifunika kwa plastiki aliyoiweka mwenyewe anastahili kuelezwa kwa maneno yasiyomyumbisha. Daktari anaweza kuwa hodari na lenzi ikawa bora, lakini karatasi iliyomo ndani ya kijiboksi ni kazi ya mfasiri, na mgonjwa akishafika nyumbani Micheweni anabaki na karatasi hiyo peke yake.

Tunawaomba walimu, wauguzi na wafasiri wa Pemba, na wa pwani yote, wayapime mapendekezo haya kwa kuyasoma kwa sauti mbele ya watu wasio wataalamu, kisha wawaulize wameelewa kufanya nini. Tungependa hasa kujua namna wasikilizaji wanavyoelewa "myeyusho wa chumvi" na "mbinuko wa ndani", na kama yapo maneno ya Kipemba yanayobeba maana hizo vizuri zaidi. Majibu hayo yatakuwa na manufaa kabla istilahi hizi hazijapelekwa mbele kusanifishwa.